Vibaba Vitatu vya Mama Dimbwi

"Arobaini! Vibaba arobaini vya mtama! Hata mkinichoma moto, havitakuwa themanini!"

Nani huyo anayepiga kelele? Ngojeni kwanza. Nimewatupa katikati ya ugomvi kabla hamjakaa vizuri. Sogeeni. Wewe mwenye kikombe, kiweke chini, hadithi haimwagiwi chai.

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitika kama wagonjwa. Paukwa!

— Pakawa!

Hapo sawa. Pakawa ya wakubwa na wadogo, ya waliooa na wanaotafuta mahari. Hapo zamani za kale, zamani ambazo kobe alikuwa bado hajapasuka gamba, palikuwa na harusi ya kuandaliwa. Na huyo mpiga kelele ni Nungunungu, mwenyekiti wa kamati ya harusi, na mweka hazina, na mpiga hesabu. Kazi zote zake.

Kwa nini yeye? Kwa sababu harusi ilikuwa ya koo mbili, na koo mbili zilikuwa na dini mbili, na Nungunungu hakuwa wa huku wala wa kule. Alikuwa mla mizizi. Akiulizwa dini yake, alijibu, "Muhogo."

Nisikilizeni sasa, msije mkaniuliza baadaye.

Ukoo wa Kanga walikuwa wa dini ya Vumbi. Jua likichomoza tu, kanga hujilaza chini, hujirushia vumbi. Pu! shingoni. Pu! mgongoni. Pu! mbawani. Humshukuru aliyewaumba, huinuka safi. Kanga mke akiolewa, asubuhi ya harusi huoga vumbi jekundu la kichuguu, na tone la maji lisimguse mpaka jua lizame. Likimgusa, harusi imeharibika.

Ukoo wa Bata walikuwa wa dini ya Maji. Kwao, mama wa bwana harusi huchota maji kwa mdomo wake mwenyewe, akamdondoshea bibi harusi utosini. To! To! To! Matone matatu. Bila matone hayo, bibi harusi hali chakula cha mumewe, na asiyekula haitwi mke. Wala mama mwingine hawezi kuchota badala yake. Ni yule yule aliyeatamia yai.

Sasa, Madoa, binti wa Kanga, siku moja alimkimbia mwewe. Mbio, mbio, mbio, akajitupa kwenye matete ya bwawani. Dimbwi, kijana wa Bata, alikuwa mle. Akamfunika kwa bawa. Mwewe akapita. Bawa halikuondoka.

Ndiyo ikawa harusi.

Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa. Nyumba hazina kitu. Michango ikaahidiwa: Kanga ishirini, Bata ishirini. Vibaba arobaini, basi. Lakini Mzee Kishungi, baba yake Madoa, akataka karamu mbili.

"Moja kwetu, kichuguuni," akasema. "Moja kwao, bwawani. Kila mtu na dini yake."

"Arobaini huku na arobaini kule ni themanini," akasema Nungunungu. "Themanini viko wapi, mzee? Umevificha kwenye hicho kishungi cha kichwani?"

"Nina binti mmoja tu! Aolewe kama yatima?"

"Na mimi nina yai moja tu, mkwe," akasema Mama Dimbwi. Alikuwa mjane, mdogo wa mwili, sauti yake ya chini. "Niliatamia saba. Sita yalikwenda na kenge."

Ndipo Nungunungu akatikisa miiba, chaka-chaka-chaka, akaimba wimbo wake. Tuimbe pamoja, msiniachie peke yangu:

*Wazi, wazi, wazi!*
*Nungu hana pazia!*
*Neno langu liko nje,*
*Kama miiba yangu pia!*

Maana alikuwa mtu wa wazi. Shule hakwenda. Alijifunza hesabu peke yake, kwa kuhesabu miiba yake mwenyewe, na akikuambia saba ni saba. Hakuiba punje. Hakumpendelea ndugu. Hasira ilikuwa karibu, hiyo kweli. Lakini mkono wake ulikuwa safi, na mimi simsingizii.

"Siku moja," akasema. "Chungu kimoja. Mahali pamoja, katikati ya kichuguu na bwawa. Asubuhi vumbi. Jua likizama, matone. Baada ya matone, chakula. Mchana kila mtu ashinde na njaa yake, kwani kwenu mlikuwa mnakula?"

Wakacheka. Hata Kishungi akacheka.

"Chakula gani?" akauliza Kishungi. "Bata wanakula konokono. Kwetu konokono mwiko."

"Na nyinyi mnakula mchwa," wakasema Bata. "Kwetu mchwa mwiko."

"Nani ana mwiko wa mtama?" akauliza Nungunungu. "Anyooshe bawa."

Kimya.

"Wa njugu mawe?"

Kimya.

"Mtama na njugu mawe. Tumemaliza. Na anayetaka mapambo, jua likizama litapamba lenyewe, halitaki mchango."

Oneni akili hiyo! Dini mbili, koo mbili, chungu kimoja. Madoa akamtazama Dimbwi, Dimbwi akamtazama Madoa. Harusi imepatikana. Ingeishia hapo ningewaacha mkalale na furaha. Haikuishia hapo.

Mama Dimbwi aliahidi vibaba vitano. Akaenda nyumbani, akasimama uani kwake. Huku maji. Huku tope. Huku matete yanadondosha. Akasema moyoni, "Mkwe wangu ataamka hapa asubuhi. Atasalia wapi? Binti wa watu atakuja kwangu akose dini yake?"

Akamwita Kwale. Kwale alikuwa mchukuzi, ana miguu ya mwendo.

"Kwale mwanangu, niletee vumbi jekundu la kichuguu. Nataka kitanda cha vumbi hapa, pakavu, juu kiezekwe nyasi. Mvua ikinyesha lisilowe."

"Ni mbali, mama. Ni safari nyingi. Siku saba."

"Utataka nini?"

"Vibaba vitatu."

Tano ukitoa tatu, inabaki ngapi?

— Mbili!

Mbili. Mama Dimbwi akampimia vitatu. Kwale akamwambia, "Na kamati je? Mwambie Nungunungu mtama umekwenda wapi."

"Siwezi. Kwetu zawadi ya mama mkwe haitajwi mpaka bibi harusi aione kwa macho yake. Ikitajwa kabla, imekufa. Hata wewe, Kwale, funga mdomo."

Kwale akafunga mdomo. Siku saba akabeba vumbi. Nenda rudi, nenda rudi. Mama Dimbwi akaezeka nyasi kwa mdomo wake, unyasi kwa unyasi.

Kamati ikaitishwa mara ya mwisho, harusi kesho. Mama Dimbwi akawahi. Akamkuta Nungunungu anapanga vibaba kwa mistari. Akamsogelea, akasema polepole:

"Nungu mwanangu, nimeleta viwili. Vitatu nitalipa baada ya harusi. Nakuomba jina langu leo usilisome. Na usiniulize kwa nini."

"Kwa nini?"

"Nimekuambia usiniulize."

Nungunungu akasimamisha miiba. "Mama, mimi sina mambo ya pembeni. Nikiruka jina lako, kesho wataniuliza nimeruka ya nani mengine. Wote wanasomwa. Na wewe utasomwa."

"Basi lisome peke yake bila hesabu."

"Jina bila hesabu ni jina la nini? Kakae, mama. Watu wanaingia."

Aliombwa, jamani. Shikeni hilo. Hakukosa kwa kutojua. Aliombwa, akakataa, akajiona mwanamume.

Watu wakajaa. Kanga huku, Bata kule, watoto miguuni. Nungunungu akahesabu vichwa, maana yeye huhesabu kila kitu: sitini na wawili. Akaanza kusoma. Fulani kaahidi kimoja, kaleta kimoja, makofi! Fulani kaahidi viwili, kaleta viwili, makofi! Mzee Kishungi kaahidi sita, kaleta sita. Keche-keche-keche! kanga wakashangilia.

"Mama wa bwana harusi," akasoma. "Kaahidi vitano. Kaleta viwili."

Makofi hayakuja.

"Deni, vitatu."

Kanga mmoja nyuma akacheka. Mwingine akasema, "Labda amekula na konokono!" Wakacheka wengi. Keche-keche-keche! Tena kicheko cha kanga mnakijua, kikianza hakina breki.

Mzee Kishungi akaona haya. "Basi, Mwenyekiti, soma wengine. Vitatu ni nini? Thelathini na saba vinatosha."

"Havihusu kutosha, mzee. Vinahusu neno. Mtu akitoa neno alitimize. Mama Dimbwi, simama. Vitatu viko wapi?"

Mama Dimbwi akasimama.

"Viko wapi, mama?"

Akamtazama Madoa. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Nauliza mara ya tatu. Viko wapi? Au tuandike kwamba huna?"

"Andika," akasema Mama Dimbwi.

Akageuka. Pata, pata, pata, miguu ya bata kwenye ardhi kavu. Watu wakampisha njia. Dimbwi akaruka, "Mama!"

"Kaa, mwanangu. Ni harusi yako."

Pata, pata, pata. Akaenda.

Nungunungu akakunja hesabu yake. Akataka kuimba, *wazi, wazi, wazi*. Hakuna aliyeitikia. Hata nyinyi msiitikie.

Madoa akamfuata. "Mjomba Nungu, umemaliza?"

"Nimemaliza. Nimesema uongo?"

"Hujasema uongo."

"Nimemwonea?"

Madoa akasema, "Hujasema uongo, mjomba. Ingekuwa uongo tungeufuta."

Akamwacha pale na mistari yake ya mtama.

Kukapambazuka. Siku ya harusi! Madoa akaoga vumbi jekundu. Pu! Pu! Pu! Jua likampiga, madoa yake yakang'aa kama punje mpya. Kanga wakaimba. Chungu kikainjikwa. Mtama ukatokota, buku-buku-buku, njugu mawe zikalainika, harufu ikawafikia hata walioapa hawaji. Kila kitu kilikwenda kama Nungunungu alivyopanga. Kila kitu, kila saa.

Jua likashuka. Likawa jekundu. Likazama.

"Matone!" akasema Mzee Kishungi. "Mkwe yuko wapi?"

Bata wakatazamana, maana wote walidhani atatokea saa ya matone.

Wakangoja. Madoa ameinamisha utosi, anangoja. Shingo ikamchoka, akaiinamisha tena. Chungu kikaacha kutokota.

Shangazi mmoja wa Bata akasema, "Tuchote sisi."

"Uliatamia wewe?" akaulizwa. Akarudi nyuma.

Ndipo Bata wakaanza kuinuka. Mmoja. Mmoja. Mmoja. Nungunungu akawazuia njiani. "Mnakwenda wapi? Chakula kipo!"

"Mwenye harusi ameondoka, sisi ni wageni wa nani?"

Dimbwi hakungoja tena. Akakimbia nyumbani, Madoa nyuma yake, Kishungi nyuma yake, na Nungunungu nyuma kabisa, chaka-chaka, chaka-chaka. Wakafika uani. Mama hayupo. Chumbani hayupo. Matete yako kimya.

Lakini pembeni, pakavu, palikuwa na kibanda kidogo cha nyasi. Chini yake vumbi jekundu, limepembuliwa, limelazwa laini, hakuna kijiwe. Ukubwa wa kanga mmoja.

Kwale alikuwa ameketi kando.

"Sasa naweza kusema," akasema. "Bibi harusi ameiona. Ni zawadi ya mama mkwe wako, Madoa, usalie hapa kwa dini yako. Nilipewa kazi, nikabeba siku saba. Nililipwa vibaba vitatu."



"Vitatu," akasema Nungunungu.

"Vitatu. Wewe si mtu wa hesabu? Hesabu."

Miiba ya Nungunungu ikalala. Yote. Wanasema hawajapata kumwona mdogo vile.

"Kwa nini hakuniambia?" akasema.

"Alikuambia usimuulize, mwenyewe alinieleza jana akiondoka," akasema Kwale. "Nyinyi watu wa wazi, mtu akiwaambia *usiniulize*, hamsikii kwamba hilo nalo ni neno la wazi."

Madoa akaingia chini ya nyasi. Akajilaza kwenye vumbi la mama mkwe wake. Hakurusha hata chembe. Alilala tu, kichwa chini, na Dimbwi akasimama mlangoni bila kujua aingie au asiingie, maana hakuwa mume.

Na Mama Dimbwi? Alikuwa amevuka maji. Ng'ambo ya ziwa kubwa, kwa dada yake. Kule kanga hafiki, nungunungu hafiki. Dimbwi akaruka kumfuata, akarudi kesho yake peke yake. Akaulizwa, "Amesemaje?" Akajibu, "Amenipa chakula, akaniuliza kama kibanda kinavuja. Basi."

Kule kwenye chungu, vibaba thelathini na saba vililala, vikachacha.

Nungunungu akakaa na jambo lile. Siku ya kwanza akasema, mimi nilifuata utaratibu. Siku ya pili akasema, utaratibu ni utaratibu. Siku ya tatu akakosa usingizi. Siku ya nne akaenda.

Lakini alikwendaje? Alikwenda alfajiri, wenzake wamelala. Alipita porini, hakupita njia. Akazunguka ziwa siku mbili kwa miguu yake mifupi, akafika mahali ambapo maji yamekuwa membamba, na ng'ambo yake kuna matete ya dada yake Mama Dimbwi. Akatazama nyuma. Hakuna mtu. Akaita kwa sauti ndogo:

"Mama Dimbwi. Mama Dimbwi."

Matete yakafunguka. Mama Dimbwi akatoka. Hakuvuka. Akabaki upande wake.

"Nani?"

"Mimi, mama. Nungu."

"Nakuona."

"Nimekuja kuomba radhi. Nimeona kibanda. Nimejua. Nilikukosea, mama, na tangu siku ile mzizi haunishuki kooni."

"Pole."

"Watoto wanakungoja. Rudi, mama. Matone matatu tu. Nisamehe, turudi."

Mama Dimbwi akamtazama. Akatazama nyuma yake, huku, na huku.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Mbona peke yako?"

Nungunungu akainama. "Nilisema tuyamalize mimi na wewe. Faraghani."

"Faraghani," akasema Mama Dimbwi. "Kumbe hilo neno unalijua."

Upepo ukapita kwenye maji.

"Siku ile tulikuwa wangapi?"

"Sitini na wawili."

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu, mama."

"Basi kawalete."

Akageuka. Matete yakafunga.

Nungunungu akarudi. Njia nzima alisema, kesho nitawaita. Akafika, akasema, kesho. Alitoka shimoni, akawaona kanga wanadonoa, akafikiria kusimama mbele yao na kusema, *mimi, mtu wa wazi, nimekosa*. Akarudi shimoni. Kesho. Akatoka tena, akaona watoto waliokuwa wanacheka siku ile. Akarudi. Kesho. Mpaka leo, mchana kutwa nungunungu yuko shimoni, na mtu akimsogelea husimamisha miiba kabla hajaulizwa kitu.

Na Madoa kila asubuhi huenda uani kwa mama mkwe wake, akaoga vumbi lake. Jua likizama hurudi kwa baba yake. Dimbwi humsindikiza mpaka kichuguuni, akarudi. Hajawa mke. Hajawa si mke.

Mimi mwenyewe ni mtu wa kusema wazi, kwa hiyo msidhani nawatetea wanafiki. Nasema hivi, na watoto mnisikie, na nyinyi wakubwa mnaotazama pembeni mnisikie zaidi. Mtu mwenye ukweli asimpige nao maskini usoni. Hesabu inajua kilichopungua, haijui kilikokwenda. Akikuambia, "Nisitiri leo," msitiri, utauliza kesho. Na uliyemwaibisha mbele ya watu, usimwombe radhi nyuma ya nyumba.

Hadithi yangu nimeitua hapo, kichwa changu chepesi, mzigo ni wenu.

Nini tena? Wewe mtoto unauliza kama Mama Dimbwi alirudi?

Hajarudi. Yuko ng'ambo. Hadai mtama, hadai sifa ya kibanda. Anadai radhi yake, mchana, mbele ya wote sitini na wawili.

Ilipwe.